Je, wajua kwa nini klachi iliyokwisha huteleza gia ya nne huku gia za chini zikivuta vizuri?

Ukitoka Dodoma kwenda Manyoni, ukishapita Bahi na Kintinku, barabara inaacha tambarare na kuanza kupanda ukuta wa Bonde la Ufa. Hapo ndipo pikapu yangu iliponishinda. Nilikuwa nimepakia magunia ya mpunga, nipo gia ya nne, nikaongeza mafuta. Injini ikapaa, mshale wa mizunguko ukatoka 2,000 ukapita 3,000, lakini mshale wa mwendo ukabaki palepale, kisha ukaanza kushuka. Nikarudi gia ya tatu, gari likavuta. Nikajaribu ya nne tena: kelele tupu. Niliingia Manyoni kwa gia ya tatu, na jibu nilikuwa nalo tayari. Gia ya nne imekufa.

Fundi niliyempelekea gari mjini Dodoma alikubaliana nami. Tukatafuta giaboksi ya mtumba, akaifunga, akairudishia klachi ileile, tukaizungusha mitaani ikaenda vizuri. Wiki mbili baadaye, safari ileile, mlima uleule, ugonjwa uleule. Giaboksi yangu ya zamani ilikuwa imeshauzwa, na naamini kuna mtu anaiendesha mpaka leo bila tatizo lolote, kwa sababu haikuwa mbovu.

Aliyenifungua macho ni fundi mmoja wa umri mkubwa kule Kizota. Kabla hajagusa spana aliniuliza swali moja: "Mwanangu, mshale wa mizunguko ulipopanda, ulisikia chuma kikigonga au kukwaruza?" Nikamwambia hapana mzee, ni injini tu iliyonguruma. Akasema, "Basi ile giaboksi yako ilikuwa nzima."

Kosa langu ni la watu wengi, na ninalielewa linapoanzia. Dereva anaona gia tatu zinafanya kazi na moja haifanyi, anahitimisha kwamba ugonjwa uko kwenye ile moja. Lakini fikiria kilichomo ndani ya giaboksi ya manyuo, ile ya kubadilisha gia kwa mkono: ni magurudumu ya chuma yenye meno, na meno ya hili yameingia katikati ya meno ya lile. Meno hayawezi kuteleza. Jino likishika, linapitisha nguvu yote. Likivunjika, utasikia chuma kikigonga, na chembe za chuma utazikuta kwenye oili. Giaboksi inayougua ina dalili zake: gia inachomoka yenyewe ukiachia mafuta, gia inakwaruza ukiiingiza, au kuna mlio mwembamba unaobadilika kadiri mwendo unavyobadilika. Injini kupaa kimya kimya huku gari likibaki nyuma si kazi ya meno. Kwenye gari la manyuo, karibu kila mara, mahali pekee nguvu inapoweza kupotea namna hiyo ni klachi. Gari la otomatiki ni habari nyingine kabisa, na haya ninayoyaeleza hayalihusu.

Kuna dhana nyingine iliyonichelewesha. Nilikuwa naamini kwamba ukikanyaga klachi ndipo inaposhika, na ukiachia ndipo inapopumzika. Ni kinyume chake. Nyuma ya injini kuna flaiwili, gurudumu zito la chuma linalozunguka na injini muda wote. Klachi pleti, sahani bapa yenye tabaka la kushikia pande zote mbili, imekaa kwenye shafti inayoingia giaboksi. Juu yake kuna presha pleti, iliyofungwa kwa bolti kwenye flaiwili, na ndani ya presha pleti kuna springi bapa yenye vidole vinavyoelekea katikati, kama ua la alizeti ambalo petali zake zimegeuzwa ndani. Springi hiyo ndiyo inayoibana klachi pleti dhidi ya flaiwili, kwa nguvu ya mamia ya kilo, na inabana saa zote bila msaada wako. Ukikanyaga pedali, rilizi beringi inasukuma vile vidole, springi inalegea, klachi pleti inakuwa huru. Mguu wako unaachanisha. Springi ndiyo inayoshika.

Kwa hiyo klachi ni mshiko wa viganja, wala haina jino hata moja. Chukua mfano wa kamba ya ndoo kisimani. Ukiikamata sawasawa, ndoo inapanda na kiganja hakiumii, hata ukivuta mara mia. Ndoo ikizidi uzito wa mshiko wako, kamba inaanza kuteleza, na hapo ndipo kiganja kinapoungua. Mambo mawili yamo kwenye mfano huo. La kwanza, kamba isiyoteleza haimli mtu kiganja: klachi iliyoshika kabisa haipungui, na iliyoachana kabisa haipungui. Inapungua pale tu vitu viwili vinapogusana vikiwa na mwendo tofauti. La pili, kamba huteleza pale mzigo unapozidi mshiko, wala haijali umesimama upande gani wa kisima.

Sasa tuirudie gia ya nne.

Giaboksi inafanya kazi ya mtaimbo. Anayeng'oa jiwe shambani anajua kwamba mtaimbo mrefu unamfanya mtu mmoja ainue jiwe ambalo watu watatu wangeshindwa, ila mkono unasafiri mbali na jiwe linasogea kidogo tu. Gia ya kwanza ni mtaimbo mrefu. Gia ya nne ni mtaimbo mfupi. Na klachi iko upande wa mkono, siyo upande wa jiwe. Yaani klachi haiubebi uzito wa mlima moja kwa moja. Inabeba kile kinachobaki baada ya giaboksi kusaidia. Gia ikisaidia sana, klachi inabeba kidogo. Gia ikisaidia kidogo, klachi inaachiwa karibu yote.

Tuweke hesabu ya makadirio. Pikapu ya tani mbili pamoja na mzigo, inapanda mwinuko wa mita 5 kwa kila mita 100, inahitaji nguvu ya kuzungusha magurudumu ya nyutoni-mita kama 420. Gia ya kwanza, ukijumlisha na difu, yaani gia za mwisho kabla ya magurudumu, inaizidisha nguvu ya injini kama mara 14. Kwa hiyo klachi inatakiwa kupitisha 30 tu. Gia ya tatu inazidisha kama mara 5.6, klachi inatakiwa kupitisha 75. Gia ya nne, ambayo kwenye pikapu nyingi hupita moja kwa moja bila kuzidisha chochote, inabaki na difu peke yake, kama mara 4. Hapo klachi inatakiwa kupitisha 105.

Klachi mpya ya gari kama hilo inaweza kupitisha zaidi ya 200, kwa hiyo hutaona tofauti. Lakini klachi iliyochoka, iliyobakiwa na uwezo wa 90, itafaulu gia ya kwanza, itafaulu ya pili, itafaulu ya tatu, na ya nne itafeli. Mlima ule ule, gari lile lile, na wala gia ya nne haina kosa. Siku niliyoelewa jambo hili niliandika hesabu hiyo nyuma ya risiti ya spea na nikaitazama kwa muda mrefu, maana ilikuwa imeeleza safari yangu ya Manyoni hatua kwa hatua.

Ni kweli pia kwamba ukikanyaga mafuta mpaka mwisho kwenye gia ya kwanza, klachi hiyo iliyochoka itateleza hapo pia. Ila gia ya kwanza hakuna anayekaa nayo muda mrefu wala anayeibana hivyo. Gari linaondoka kabla hujafika huko. Ndiyo maana mitaani, kutoka Majengo hadi Area C, pikapu yangu haikuonyesha dalili yoyote.

Ikishaanza kuteleza, mambo huenda mbio. Klachi inayopitisha 90 huku injini ikizidi kwa mizunguko 1,000 kwa dakika kuliko shafti ya giaboksi inazalisha joto la zaidi ya wati 9,000. Ni kama kuchomeka pasi tisa za umeme ndani ya chombo cha upana wa sahani ya chakula. Joto hilo linalainisha gundi iliyomo kwenye tabaka la klachi pleti, uso wake unang'aa kama kioo, mshiko unapungua, unateleza zaidi, joto linaongezeka. Harufu ile kali ya kuungua unayoisikia ndiyo hiyo. Na kulishikilia gari kwenye mwinuko kwa hafu klachi, pedali ikiwa nusu, badala ya breki kunaanzisha safari hiyohiyo: pikapu niliyoitaja, ikishikiliwa mwinuko uleule kwa mizunguko 1,500, inachoma zaidi ya wati 3,500 bila kusogea hata hatua.

Fundi wa Kizota aliposhusha giaboksi alinipa klachi pleti yangu niishike. Nilitarajia kitu kilichochanika. Ilikuwa nzima, ya mviringo, nyeusi, ila vichwa vya ribiti, zile pini zinazoshikilia tabaka, vilikuwa sawa na uso wake, na kwenye flaiwili kulikuwa na michirizi ya duara mahali ribiti zilipoanza kukwangua, pamoja na madoa ya buluu ya chuma kilichopata moto. Akaweka mpya pembeni. Kwenye mpya, ribiti zimezama ndani ya tabaka. Kina hicho ndicho umri wote wa klachi: kwa gari dogo ni milimita moja na ushee kila upande. Miaka ya kuondoka, kupanda na kurudi nyuma inakaa kwenye unene huo. Ndiyo maana hakuna idadi moja ya kilomita anayoweza kukutajia mtu. Teksi ya mjini na gari la safari ndefu hutafuna milimita hiyo kwa kasi tofauti kabisa.

Jambo lililonishangaza zaidi ni ile springi ya alizeti. Tabaka linapopungua, springi inabadilika umbo, na kwa muda nguvu yake ya kubana huongezeka badala ya kupungua, kisha karibu na mwisho ndipo inaposhuka. Hivyo klachi haikuonyi polepole. Inashika vizuri, inashika vizuri, halafu inaanza kuteleza. Dalili ya mapema huwa kwenye mguu: pedali inakuwa nzito. Yangu ilikuwa imekuwa nzito kwa karibu mwaka mzima, nami nikabadilisha mafuta ya klachi nikidhani yamechakaa.

Kabla hujakubali kushusha chochote, jaribu hivi. Kwenye barabara iliyo wazi, ukiwa mwendo wa 50 hivi, ingiza gia ya nne na ukanyage mafuta mpaka mwisho, ikiwezekana ukiwa unapanda. Mishale miwili ipande pamoja. Wa mizunguko ukiruka peke yake, klachi inateleza. Lakini kuteleza si lazima iwe imekwisha. Kwenye gari la kebo, kebo ikikazwa kupita kiasi, rilizi beringi inabaki imeegemea vidole na springi haibani sawasawa. Hilo linarekebishwa kwa dakika chache. Na oili sili ya nyuma ya krenki, ile pete inayozuia oili ya injini isitoke, ikivuja, klachi pleti yenye unene wa kutosha kabisa itateleza kwa sababu imelowa oili.

Hiyo sili ndiyo sababu ya kutobadilisha klachi pleti peke yake. Kazi kubwa, na gharama kubwa ya ufundi, ni kuishusha giaboksi na kuirudisha. Ikishakuwa chini, badilisha klachi pleti, presha pleti na rilizi beringi kwa pamoja, kagua sili ya krenki na ya shafti ya giaboksi, na flaiwili yenye michirizi ipelekwe kwa mkereza vyuma kabla haijarudi. Usikubali vumbi la klachi lipulizwe kwa kompresa huku mmeinamia. Tabaka za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na mapafu hayaisahau. Kitambaa kilicholowa kinatosha. Wakati wa kufunga, angalia kama fundi anaikalisha klachi pleti katikati kabisa kwa shafti ya kulenga, wengi hutumia shafti ya giaboksi mbovu, kisha anakaza bolti za presha pleti kwa zamu, huku na kule, kidogo kidogo. Na giaboksi isiachwe ining'inie kwenye klachi pleti wakati wa kuipandisha, maana uzito wake unaipinda kabla gari halijatembea hata mita moja.

Kwa kilomita mia chache za mwanzo epuka mizigo mizito na kuondoka kwa nguvu, mpaka nyuso mpya zizoeane. Pedali itakuwa nyepesi kuliko ulivyozoea. Mimi siku ya kwanza gari lilinizimikia mara mbili getini kwa fundi kwa sababu mguu ulikuwa bado unakumbuka uzito wa zamani.