Tabianchi ya kale: maana yake, na kwa nini mhadhiri wa jiolojia huitafuta kwenye tope

Mvua iliyonyesha jana alasiri ni hali ya hewa. Tabianchi ni mwenendo wa mvua, joto na upepo wa mahali fulani ukiangaliwa kwa muda mrefu, ambao kwa desturi ya wataalamu haupungui miaka 30. Tabianchi ya kale ni mwenendo huohuo katika zama ambazo hapakuwa na mtu wa kuupima. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki vipimo vya mvua havivuki mwisho wa karne ya 19, na nyuma ya hapo mtafiti hana daftari la kufungua. Hana budi kutafuta kitu ambacho mvua au joto lilikigusa, kikabadilika, kisha kikahifadhika bila kuguswa tena. Kitu hicho ndicho kinachoitwa kiashirio, na asiyekielewa hawezi kuielewa dhana yenyewe.

Ziwa Tanganyika linafaa kuwa mfano, kwa kuwa ni miongoni mwa maziwa makongwe zaidi duniani na kina chake kinakaribia mita 1,470. Maji yake ya chini hayana oksijeni, kwa hiyo hakuna konokono wala mnyoo wa kufukua sakafu, na mashapo yanayotua huko hubaki tabaka juu ya tabaka kama yalivyotua. Katika kiangazi upepo wa kusini huvuruga maji na kuvuta virutubisho kutoka chini, na mwani mdogo uitwao diatomu, wenye maganda kama ya kioo, huongezeka sana. Ukifa hutandaza utando mweupe. Masika yakifika mito huleta udongo, na utando wa giza hufunika ule mweupe. Watafiti hushindilia bomba refu kwenye sakafu hiyo, hulitoa likiwa limejaa tope, kisha hulipasua kwa urefu: nusu moja huhifadhiwa isiguswe, na nusu nyingine hukatwa vipande vya kupimwa. Anayeitazama nusu iliyopasuliwa huona mistari myembamba kuliko ukucha, myeupe na myeusi kwa zamu, na pale ambapo mistari haikukatika aweza kuhesabu mwaka mmoja mmoja. Isipohesabika, umri hutafutwa kwa kaboni 14 iliyomo katika mabaki ya mimea, ambayo nusu yake hupotea kila baada ya miaka 5,730. Njia hiyo huishia kwenye miaka 50,000 hivi.

Kazi ya namna hii haifundishiki kwa ubao peke yake. Profesa Andrew Cohen wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, ambaye utafiti wake wa mwanzo ulikuwa Ziwa Turkana, aliongoza kwa miaka kadhaa Mradi wa Nyanza mjini Kigoma, ambako wanafunzi kutoka Marekani na nchi za Afrika walijifunza kwa kushiriki utafiti ziwani, kila mmoja akiwa na swali lake la kujibu. Baadaye aliongoza uchimbaji katika mabonde ya maziwa ya kale nchini Kenya na Ethiopia, Magadi na Baringo yakiwemo. Kwa maoni yangu, kwa mhadhiri wa aina hii ufundishaji na utafiti ni kazi moja, kwa kuwa mwanafunzi anayekata tope leo ndiye atakayeisoma kesho chavua iliyomo, yaani unga wa maua ya mimea ya kale, naye akikosea kuandika upande wa juu wa bomba ni upi, historia nzima inapinduka.

Ushahidi wa tope huweza kushangaza. Ziwa Viktoria, kwa upana wake wote, kina chake hakizidi sana mita 80, na mabomba yaliyoshindiliwa katika sakafu yake yalikutana, chini ya tope laini, na udongo mgumu uliowahi kukauka, wenye mizizi midogo ya nyasi. Tafsiri yake ni kwamba kati ya miaka 17,000 na 15,000 iliyopita hivi, ziwa hilo lilikuwa limekauka. Wanabiolojia hawakuipokea habari hiyo kwa utulivu. Ziwa lina mamia ya spishi za furu zisizopatikana kwingine, na kama maji yaliondoka, basi ama samaki hao walijificha mahali fulani, ama wamegawanyika kwa kasi isiyo ya kawaida. Mjadala huo umewalazimisha wanajiolojia kurudi kuyapima mabomba yao upya, jambo ambalo naliona kuwa la heri.

Hata hivyo kiashirio kinaweza kudanganya. Chavua ya miti ikipungua, huenda ukame uliingia, au huenda watu walifyeka msitu wapate mashamba. Chumvi ikiongezeka, huenda mvua ilipungua, au mto ulihama. Ndiyo maana mtafiti makini haridhiki na shahidi mmoja: huweka chavua kando ya diatomu, na nta ya majani ya kale kando ya zote mbili, akatazama kama zinakubaliana.

Mfano wa kufundishia somo hili uko Ujiji, karibu na Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika. Mahali panapokumbukwa kuwa ndipo Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871 leo pako mbali na maji, na mgeni angeweza kudhani kwamba mvua imepungua tangu wakati huo. Lakini mto Lukuga, upande wa Kongo, ndio mlango wa kutokea maji ya ziwa hilo. Katika miaka ya 1870 mlango huo ulikuwa umezibwa na mchanga na mimea, na ziwa likawa linapanda. Kizuizi kilipovunjika mwishoni mwa muongo huo, maji yalimwagika kuelekea bonde la mto Kongo, na katika miaka iliyofuata uso wa ziwa ukashuka takriban mita 10.