Je, wajua kwa nini msongo wa mawazo humzeesha mapema mwanamke Mweusi wa Marekani?

Mwaka 1992, mtafiti wa afya ya jamii Arline Geronimus alichapisha jambo lililowashangaza wengi Marekani. Tumezoea kusikia kwamba binti akizaa kabla ya miaka 20, mtoto huwa hatarini kuliko wa mama aliyekomaa. Kwa Wazungu ilikuwa hivyo. Kwa wanawake Weusi ilikuwa kinyume: watoto wachanga wa mama wa miaka ishirini na kitu walikuwa hatarini kuliko wa mabinti. Geronimus akasema miaka ile kati ya ubinti na ishirini na kitu ilikuwa imeuchakaza mwili wa mama.

Unachakaaje? Mtu akishtuka, mwili humwaga adrenalini na kotisoli, yaani homoni za kukabili hatari. Moyo huenda mbio, presha hupanda, sukari huingia kwenye damu ili misuli ipate nguvu ya kupambana au kukimbia. Hatari ikipita, mambo hutulia. Lakini mfikirie mama anayefuatwa na mlinzi kila aingiapo dukani kwa sababu ya rangi yake, anayeshusha sauti kazini asije akaambiwa ana hasira, na ambaye kijana wake akichelewa kurudi anaanza kuwaza polisi. Kwake hatari haipiti. Usingizi unakatika, mishipa ya damu inakakamaa, kinga ya mwili inalegea.

Wala pesa haimwokoi. Mwaka 2006 Geronimus na wenzake walichambua vipimo vya Wamarekani, vikiwemo presha, sukari na lehemu (kolesteroli) mwilini. Walioongoza kwa uchakavu ni wanawake Weusi maskini. Na waliowafuata? Wanawake Weusi wasio maskini. Wazungu maskini walikuwa na nafuu kuliko hao! Mimi takwimu hiyo hunikaa moyoni kuliko zote.

Juu ya hayo kuna sifa ya kuwa mwanamke ngangari, asiyelia, anayebeba wote. Sifa hiyo imewavusha wengi tangu enzi za utumwa, na wanastahili heshima kwa hilo. Lakini ndiyo hiyo humfanya mtu amwambie daktari "niko salama" wakati ana wiki nzima hajalala.

Byllye Avery, mwanaharakati wa afya kutoka Florida, aliliona hilo mapema. Mwaka 1983 aliitisha mkutano wa afya ya wanawake Weusi katika Chuo cha Spelman, Atlanta, na wakaja kwa wingi mno. Kutokana na kazi yake vikaenea vikundi vya kusaidiana: wanawake wachache wanakaa pamoja, kila mmoja anaeleza maisha yake, vipigo, kubakwa, huzuni, uchovu, na wenzake wanasikiliza. Avery aliamini kwamba huwezi kumtibu mwanamke presha huku ukiyaacha yanayoipandisha. Shirika lililozaliwa hapo linaendelea na kazi hadi leo, likiitwa Black Women's Health Imperative.