Thamostati si adui wa Noah yako

"Thamostati ni ya Wajapani na baridi yao, huku Afrika itoe." Kauli hii kuhusu thamostati, kile kilango kinachoongoza maji ya kupoza injini, inazunguka gereji kwa gereji, na kila ikitamkwa kuna Toyota Noah nyingine inang'olewa thamostati, inajazwa maji ya bomba na kurudishwa kwa mwenyewe mshale wa geji ya joto ukiwa chini. Mwenyewe anafurahi. Anakuja kupandisha mlima Kitonga na familia nzima ndani, gari linachemsha vilevile.

Thamostati ya 3S-FE, injini ya zile Noah za mwanzo (SR40 na SR50), huanza kufunguka maji yakifika kama nyuzi 82. Dar es Salaam kukiwa na joto la kulalamikiwa ni nyuzi 34. Hakuna mji duniani ambao hewa yake itaifikisha thamostati kwenye 82. Inachosikiliza ni joto la maji ya injini, na injini inataka kuwa na joto lilelile iwe Sapporo kule Japani au Tandika, Dar. Hewa ya moto kweli inaipa rejeta kazi zaidi, lakini hilo ni suala la rejeta, inayopoza maji hayo kwa hewa, na feni yake.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo watu hawataki kulisikia. Shika thamostati ya 3S-FE mkononi uigeuze. Utaona sahani mbili. Ile kubwa inafungua na kufunga njia ya maji yanayotoka kwenye rejeta. Ile ndogo ya chini, yenye springi yake, inaziba baipasi, yaani njia ya mkato inayorudisha maji kwenye pampu bila kupita kwenye rejeta. Injini ikiwa ya baridi, kubwa imefungwa na ndogo iko wazi, maji yanazunguka ndani kwa ndani ili injini ipate joto haraka. Ikipata joto, kubwa inafunguka na wakati huohuo ndogo inaziba baipasi, maji yanalazimika kupita kwenye rejeta.

Ukiing'oa, njia zote mbili zinabaki wazi saa zote. Maji hufuata njia rahisi, na baipasi ni rahisi kuliko vijitundu vya rejeta. Kwa hiyo sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini na moto wake wote. Kwenye tambarare ya Chalinze na mguu mwepesi, maji machache yanayopita kwenye rejeta yanatosha na kuzidi, ndiyo maana mshale unashuka na fundi anasifiwa. Kwenye mlima, gia ya pili, AC imewashwa, joto linalozalishwa linapanda sana ila mgawo wa rejeta haubadiliki. Gari hilohilo linakuwa baridi mno asubuhi na linachemsha mchana. Kukata katikati ya thamostati na kurudisha ringi yake tu hakubadilishi chochote, baipasi bado iko wazi.

Na wale wanaojibu kwamba tatizo la kuitoa ni "maji kupita haraka mno hadi rejeta inakosa muda wa kuyapoza" nao wamekosea, ingawa wako upande wangu. Mzunguko wa kasi kwenye rejeta huondoa joto zaidi. Kinachoumiza ni maji yanayoikwepa rejeta.

Hasara za kuendesha injini baridi nazipitia haraka: kompyuta inaendelea kumwaga mafuta mengi kwa kudhani ndiyo kwanza umewasha, gia boksi ya otomatiki inachelewa kuingiza ovadraivu, ile gia ya mwendo mkubwa, na oili inakusanya maji na petroli. Kwenye Noah ya AZR60, iliyofuata zile za mwanzo, yenye injini ya 1AZ-FSE inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, petroli kuingia kwenye oili ni shida kubwa zaidi.

Basi gari linachemsha, uanzie wapi? Uliza linachemsha lini. Likichemsha kwenye foleni na kupoa ukikimbia, ni feni. Washa AC: feni zikikaa kimya, kagua fyuzi, rilei, plagi, kisha mota yenyewe kwa kuipa umeme wa betri. Usiunge feni dairekti kwenye swichi ukaita hiyo tiba, umeficha rilei au sensa iliyokufa, na siku mota ikifa hutajua. Likichemsha mlimani au kwa mwendo wa kasi huku foleni linavumilia, ni mzunguko: rejeta iliyoziba, thamostati isiyofunguka vizuri, au pampu. Injini ikiwa imezimwa, chungulia kati ya kondensa (ile rejeta ndogo ya AC) na rejeta. Pale hujaa vumbi na wadudu wasioonekana ukitazama kwa mbele. Ndani ya rejeta, chumvi za maji ya bomba na ya kisima huganda kwenye vijitundu. Ukipitisha kipima joto cha mwanga, kile kisichogusa kitu, usoni mwa rejeta injini ikiwa ya moto, sehemu za baridi ndizo zilizoziba.

Mfuniko wa rejeta hudharauliwa kuliko kitu chochote. Ukiandikwa 0.9, kazi yake ni kushikilia mgandamizo wa bar 0.9, ambao unafanya maji matupu ya pwani yachemke karibu nyuzi 119 badala ya 100. Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi juu ya bahari, maji yasiyo na mgandamizo yanachemka kwenye nyuzi 94. Mfuniko wenye mpira uliokauka unatosha kulichemsha gari zima huko juu, na bei yake ni ndogo kuliko ya kifaa chochote kilichotajwa hapa. Ufungue gari likiwa limepoa kabisa.

Kupima thamostati: itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto, pasha taratibu. Ianze kufunguka karibu na namba iliyogongwa juu yake, na kwenye nyuzi 95 iwe wazi angalau milimita 8. Ikipoa ifunge kabisa. Pima hata mpya kabla ya kuifunga, maana spea za bei ya kutupa nyingine hazifunguki tangu kwenye boksi. Ukifunga, kipini kidogo cha kutolea hewa kikae juu, na sili ya mpira iwe mpya.

Mpira wa juu wa rejeta ukikakamaa dakika moja baada ya kuwasha injini ya baridi, au viputo visipokoma ndani ya rejeta, shuku gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini. Kipimo cha gesi ya moshi ndani ya rejeta, ile dawa ya buluu inayogeuka njano, kikibadilika umeshapata jibu. Kisipobadilika, hakijakuthibitishia kitu, kwa sababu ufa mwingine hufunguka injini ikibeba mzigo tu. Injini za AZ (kama hiyo 1AZ-FSE) za miaka ya mwanzo zina shida ya ziada: nyuzi za bolti za hedi zilizoko kwenye bloku hung'oka, hasa upande wa nyuma, na kulanti, yaani maji ya kupoza yenye dawa, inavuja huko. Gasketi mpya juu ya nyuzi zilizokufa ni pesa iliyotupwa. Lazima zitobolewe na kuwekwa nyuzi za chuma. Kama nyuzi zilikufa ndipo gari likachemsha, au lilichemsha ndipo zikafa, mara nyingi hata hedi ikiwa mezani siwezi kusema kwa uhakika.

Kujaza maji ya kupoza nako kunaharibiwa. Injini ya SR40 iko chini ya viti vya mbele na mabomba yake ni marefu, hewa inajificha humo. Paki pua ikitazama mlimani, fungua hita hadi mwisho, ya nyuma pia kama ipo. Jaza kulanti nusu na maji yaliyosafishwa nusu, polepole. Washa injini, mfuniko ukiwa wazi, shikilia mizunguko 2,000 hivi hadi mpira wa chini upate moto, ongeza kadiri kina kinavyoshuka, kisha funga. Kesho asubuhi, gari likiwa la baridi, angalia tena rejeta yenyewe, si chupa ya akiba peke yake.