Mipaka ya Siri katika Ushauri Nasaha

Wengi huamini kwamba neno analoambiwa mshauri nasaha halitoki kamwe chumbani mwake. Usiri ndio kanuni, naam, lakini una mipaka. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya California, katika kesi ya Tatiana Tarasoff, binti aliyeuawa mwaka 1969 na kijana aliyekwisha kumweleza mtaalamu wake nia hiyo, iliamua kwamba mtaalamu ana wajibu wa kumkinga anayetishiwa. (Polisi walijulishwa, binti mwenyewe hakuonywa.) Nchini Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa za ukiukwaji wa haki za mtoto aziripoti kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Mshauri makini huitaja mipaka hii mapema, kabla mteja hajafunguka.