Macbeth hakuponzwa na mkewe tu
Wengi toka shuleni tumeshika kwamba Macbeth wa kwenye tamthilia ya Shakespeare alikuwa jamaa mwema, mkewe na wachawi ndo wakamponza. Hapana jamani. Wale wachawi walimwambia tu atakuwa mfalme, hakuna aliyemtuma amuue mfalme Duncan, wazo la kuua linamjia mwenyewe hata kabla hajaonana na mkewe. Kweli mke alimsukuma pale alipotaka kughairi, ila kifo cha rafiki yake Banquo alikipanga mwenyewe, mkewe hajui lolote, halafu usiku wa karamu Macbeth anakuta kiti chake kimekaliwa na mzuka wa Banquo, nywele zimejaa damu, na wageni hawaoni kitu. Inaniumiza sana ile sehemu. Mkewe naye anaishia kutembea usingizini, anasugua mikono, damu haitoki.