Mchujo: shule ya ghali huunda kiongozi au humchagua tu?

Uchaguzi ukikaribia hapa Kisumu, kuanzia kwenye matatu za Kondele hadi meza za samaki kule Dunga, hoja hii haikosi mtetezi: fulani anafaa kwa sababu alisomea akademia ya watu wazito, kisha akapelekwa ng'ambo. Kabla hujakubali wala kukataa, lielewe kwanza neno mchujo.

Wengi tunalijua kwa kura za ndani za chama. Hapa nalitumia kwa maana pana zaidi: watu wametengwa mlangoni kwa kigezo fulani, halafu sisi tulio upande wa kutokea tunausifu mlango kana kwamba ndio uliowaumba.

Mama ninayenunua maharagwe kwake sokoni Kibuye hukaa na ungo mapajani. Hutoa kokoto, hutoa punje zilizotobolewa na wadudu, hutoa zilizosinyaa. Zinazobaki huzimwaga kwenye gunia la mbele, na gorogoro ya gunia hilo ina bei yake. Ni maharagwe mazuri kweli, ila sijaona mteja anayedhani ungo ndio ulioyanenepesha. Yalinenepa shambani. Kwa shule tunasahau jambo hilo upesi mno.

Tena michujo haifanani. Shule ya Maseno ilianzishwa na wamishonari wa CMS, shirika la Kianglikana kutoka Uingereza, mwaka 1906, Alliance ikafuata mwaka 1926, na mwalimu mkuu Carey Francis aliziongoza zote mbili kwa zamu. Jaramogi Oginga Odinga, makamu wa rais wa kwanza wa Kenya, alipita Maseno, akaenda Alliance na Makerere, akarudi Maseno kufundisha. Nafasi zilikuwa chache na mtihani mkali, kwa hiyo ukikuta viongozi wengi wa enzi za uhuru walitoka huko, ujue vijana wenye vichwa vyepesi walikuwa wamekusanywa mahali pamoja tangu mwanzo. Hazikuwa shule za watoto wa matajiri. Leo zipo akademia ambazo karo ya muhula mmoja inapita mshahara wa mwaka mzima wa mlinzi anayefungua geti lake. Huo nao ni mchujo, ila kinachopimwa ni mfuko wa mzazi.

Mfikirie Tom Mboya, mmoja wa viongozi wa enzi hizo za uhuru. Alisoma Yala, akafika Mang'u, karo ikakosekana. Akaenda Kabete kusomea ukaguzi wa afya. Kwa ungo wa karo, huyo alikuwa punje iliyotupwa. Mwaka wake wa masomo katika chuo cha Ruskin, Oxford, ulikuja baadaye, akiwa tayari kiongozi wa vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1959 ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kuwatafutia vijana wa Kenya nafasi za kusoma Marekani, na naamini alijua vizuri uchungu wa kurudishwa nyumbani kwa sababu ya pesa.

Uingereza ndiko wanakotolea mfano wanaozitetea shule hizi. Eton, iliyoanzishwa mwaka 1440, imetoa mawaziri wakuu 20, ilhali shule zote za kulipia nchini humo husomesha takriban asilimia 7 tu ya watoto. Idadi hiyo yaonyesha nani hufika mezani. Kama akifika huongoza vizuri, hilo ni swali jingine kabisa. Serikali iliyoanzisha matibabu ya bure kwa wote mwaka 1948 iliongozwa na Clement Attlee, aliyesoma shule ya kulipia ya Haileybury, lakini waziri aliyeibeba kazi yenyewe, Aneurin Bevan, aliacha shule akiwa na miaka 13 akaingia kuchimba makaa ya mawe.

Sisemi shule ya ghali haimpi mtoto kitu. Humpa ulimi usioogopa umati, humpa marafiki ambao kesho watakuwa na benki na magazeti. Kujuana huko husaidia sana kushinda kiti. Kinachoniuma ni kile ambacho mtoto huyo hakioni. Kuna shule ya kutwa karibu na kwetu ambako madarasa mawili yametenganishwa kwa plaiwudi, na mwalimu wa upande huu hungoja mwenzake anyamaze ndipo afundishe. Siku mgeni mheshimiwa alipokuja kuzindua choo, aliuliza kwa nini walimu wanapokezana kusema. Aliuliza kwa nia njema kabisa. Hakuwahi kuketi darasa la namna ile, wala watoto wake.

Ukitaka kupima shule kwa haki, usimlinganishe aliyehitimu na mtu yeyote wa mtaani. Mlinganishe na yule aliyekaribia kuingia akakosa, mwenye kichwa kama chake na bidii kama yake, aliyerudi Ahero au Mumias kusoma shule ya kata. Kisha uangalie walichofanya wote wawili walipokabidhiwa pesa za umma: barabara, dawa, basari. Wa pili kwa kawaida humwoni kwenye karatasi ya kura, kwani ada ya uteuzi wa chama nayo ni ungo.