"Mchezaji Bora Aliyebaki" Siye Unayemhitaji Leo

Kila Juni ikikaribia, mashabiki wa hoki ya barafuni huanza kubishana juu ya vijana ambao wengi wetu hatujawahi kuwaona wakicheza hata mechi moja nzima. Ubishi wenyewe hauna ubaya. Kinachochosha ni hoja moja ambayo haikosi kamwe: "Sisi hatuna beki, kwa hiyo yule beki ndiye mchezaji bora kwetu." Anatokea shabiki wa pili kumsahihisha kwamba kanuni ni kuchukua mchezaji bora aliyebaki. Akitakiwa aeleze huo ubora, naye anataja pengo la kikosi, safari hii la senta, yaani mshambuliaji wa kati. Wanagombana saa nzima na kumbe wako upande mmoja.

Maana ya "mchezaji bora aliyebaki" ni fupi. NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, ina klabu 32, na kila mwaka hugawana vijana wapya kwa zamu, raundi 7; mgao huo ndio unaoitwa drafti. Klabu zilizofanya vibaya hutangulia, ingawa bahati nasibu huvuruga mpangilio wa juu. Zamu yako ikifika, wapo walioshaitwa na wapo waliobaki. Katika hao waliobaki, yule unayeamini atakuwa na thamani kubwa kuliko wenzake akishakomaa, huyo ndiye mchezaji bora aliyebaki. Kikosi chako hakimo popote katika maelezo hayo. Hamna mabeki wako waliochoka, hamna kipa wako mwenye goti bovu, hamna kocha anayelia kwenye mkutano na waandishi.

Na ukishamchagua, hujamsajili. Hili nalo linasahauliwa. Drafti inakupa haki ya kuzungumza naye mkataba peke yako kwa muda maalumu. Klabu nyingine haziruhusiwi kumgusa. Mkataba ni jambo la pili, na kuingia kikosini ni la tatu. Mwaka 1991 Quebec Nordiques walimwita Eric Lindros wa kwanza kabisa, kijana aliyetajwa kila kona ya Kanada, naye akakataa kuwachezea. Alikaa mwaka mzima bila kuvaa jezi yao, hadi Juni 1992 haki zake zilipohamishiwa Philadelphia kwa kundi zima la wachezaji, chaguo za drafti (yaani zamu za kuchagua) na dola milioni 15. Mmoja wa wachezaji hao alikuwa Peter Forsberg, ambaye Philadelphia walikuwa wamemchagua wa sita katika drafti ileile. Klabu ya Quebec ikahamia Colorado mwaka 1995, na mwaka uliofuata ikabeba Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL, Forsberg akiwemo. Kwa hiyo anayesema "tumemsajili" usiku wa drafti ametangulia hatua mbili.

Turudi kwenye kukomaa, maana hapo ndipo mambo yote yanapoharibikia. Kijana anatakiwa awe ametimiza miaka 18 ifikapo tarehe 15 Septemba ya mwaka wa drafti, kwa hiyo wengi huitwa wakiwa na miaka 17 au 18. Drafti ya kwanza, iliyofanyika mwaka 1963 katika hoteli ya Queen Elizabeth mjini Montreal, ilikuwa ya vijana wadogo zaidi: aliyetangulia kuitwa, Garry Monahan, alikuwa na miaka 16. Kabla ya hapo klabu kubwa zilikuwa zikifadhili timu za vijana na kuwamiliki watoto tangu wadogo. Drafti ililetwa ili vipaji hivyo vigawanywe kwa zamu badala ya kuachiwa wenye mkono mrefu. Tangu mwanzo, basi, kinachogawanywa pale ni miaka ijayo.

Na miaka hiyo ni kweli inapita. Nicklas Lidström alichaguliwa na Detroit mwaka 1989 akiwa wa 53; alianza kuwachezea mwaka 1991. Pavel Datsyuk, wa 171 mwaka 1998, alifika 2001. Henrik Zetterberg, wa 210 mwaka 1999, alifika 2002. Nikita Kucherov alichaguliwa na Tampa Bay mwaka 2011 akiwa wa 58, akaonekana kwenye ligi 2013. Hao ni mabingwa, waliokomaa mapema. Wale wa kawaida huchukua muda mrefu zaidi, na wengi hawafiki kabisa. Wachache mno huchaguliwa Juni na Oktoba wakawa uwanjani, nao kwa kawaida ni wale wa zamu za mwanzo kabisa.

Sasa fikiria kikosi chako baada ya miaka mitatu. Yule beki unayemlalamikia leo amebadilishanwa na klabu nyingine, wa pili amestaafu, kocha amefukuzwa, na meneja mkuu aliyeahidi kujenga upya anajengewa hoja ya kuondoka. Kumchagua kijana wa miaka 18 ili azibe pengo la msimu huu ni sawa na kupanda mnazi kwa sababu mchuzi wa leo hauna tui.

Najua makosa haya yanatoka wapi. Sisi tuliokulia kwenye soka tunafikiri kwa akili ya dirisha la usajili. Simba au Yanga wakikosa mshambuliaji, wanamtafuta mshambuliaji, anashuka uwanja wa ndege, anavalishwa skafu, na wiki chache baadaye anatakiwa afunge. Hapo kuuliza "tunahitaji nini?" ni swali sahihi kabisa. Hata katika mpira wa Kimarekani, ambako vijana huingia drafti wakiwa wameshapita miaka mitatu tangu wamalize sekondari, wengi hucheza msimu uleule, kwa hiyo pengo la kikosi lina uzito wake. Kwenye hoki tumechukua swali la huko tukalileta mahali ambapo jibu lake linachelewa kuliko kazi ya meneja anayeulizwa.

Mfano ninaoupenda ni Montreal Canadiens, na si kwa sababu mji ule una Wakongo na Warundi wengi wanaolibishania jambo hili kwa Kifaransa na Kiswahili katika sentensi moja. Ni kwa sababu klabu hiyo imewahi kufanya yote: ilifuata kanuni, ikaivunja, halafu ikairudia, na matokeo yapo wazi.

Mwaka 2005 walikuwa na zamu ya tano. Kipa wao alikuwa José Théodore, aliyetwaa mwaka 2002 tuzo ya Vezina ya kipa bora na ile ya Hart ya mchezaji bora wa ligi nzima. Kama kulikuwa na nafasi isiyokuwa na pengo pale Montreal, ni golini. Wakamchagua kipa, Carey Price. Watu walikasirika kweli, na kwa hesabu ya pengo walikuwa na haki ya kukasirika. Machi 2006, hata mwaka haujaisha, Théodore aliyeporomoka kiwango alikuwa ameshapelekwa Colorado. Price alidaka mechi yake ya kwanza ya ligi Oktoba 2007, na mwaka 2015 akabeba Hart na Vezina kwa mpigo. Maskauti, wasaka vipaji wa klabu, hawakuota kwamba Théodore ataanguka. Hawakuwa na haja ya kuota. Waliulizwa nani ana thamani kubwa kati ya waliobaki, wakajibu.

Mwaka 2018 walikuwa na zamu ya tatu, na wimbo wa mji mzima ulikuwa senta. Montreal haikuwa na senta wa maana kwa miaka, kila mtu alilijua hilo. Wakamchagua Jesperi Kotkaniemi, senta kutoka Ufini. Aliyefuata, Brady Tkachuk, winga, alikwenda Ottawa na baadaye akawa nahodha wao. Wa saba alikuwa Quinn Hughes, beki aliyechaguliwa na Vancouver, akabeba tuzo ya Norris ya beki bora mwaka 2024. Kotkaniemi akaingizwa kikosini hapohapo akiwa na miaka 18, na mwaka 2021 Carolina wakamwekea mezani mkataba ambao Montreal hawakutaka kuufikia, akaondoka. Huyo kijana simlaumu hata kidogo. Alikuwa na pointi 34 katika msimu wake wa kwanza, jambo ambalo wengi wa umri wake hawaliwezi.

Lakini wanaosimulia kisa hiki hukiishia hapo, wakati sehemu tamu iko mbele. Septemba 2018, kama miezi mitatu tu baada ya drafti, Montreal walimtoa nahodha wao Max Pacioretty kwenda Vegas, na miongoni mwa waliorudi alikuwamo kijana anayeitwa Nick Suzuki. Senta. Mwaka 2022 akawa nahodha wa klabu. Lile pengo lililowafanya wapitie mlango wa drafti likaja kuzibwa kupitia mlango mwingine, kabla hata msimu haujaanza. Ningetamani kila anayesema "hatuna senta" asome tarehe hizo mbili kwa sauti.

Mwaka 2022 zamu ya kwanza ikawa yao, na drafti ikafanyika kwao, Bell Centre. Kwa muda mrefu jina lililotangulia lilikuwa Shane Wright, senta. Montreal wakamwita Juraj Slafkovský wa Slovakia, winga mwenye mwili mkubwa aliyekuwa ametoka kufunga mabao 7 na kuchaguliwa mchezaji bora wa Olimpiki ya Beijing. Wright akateremka hadi wa nne, kwa Seattle. Jioni ileile, ukumbini mlemle, Montreal wakamtoa beki wao Alexander Romanov, wakapata chaguo namba 13, wakalipitisha Chicago pamoja na chaguo jingine na kumpata Kirby Dach, senta ambaye tayari alikuwa anacheza kwenye ligi. Kuhusu nani alistahili kuitwa wa kwanza mwaka ule, endeleeni kubishana. Mimi sina haraka. Utaratibu wao ndio ninaousifu. Zamu ya kwanza waliitumia kwa kijana waliyemwona bora, na pengo wakaenda kulinunulia mtu aliyekwisha kukomaa.

Kuna wajanja watakaosema: mbona maskauti wenyewe huwapandisha masenta na mabeki, na kuwaogopa makipa raundi ya kwanza? Kweli, na hapo ndipo pa kuwa makini, maana ni jambo lingine kabisa. Senta mzuri ni ghali katika klabu yoyote ile ya ligi, kwa sababu ni adimu na kwa sababu mchezo mwingi hupitia kwake. Kipa wa miaka 18 ni mgumu kumtabiri popote alipo. Hiyo ni thamani ya nafasi, na inahesabiwa ndani ya ubora wenyewe. Klabu yenye masenta watano na isiyo na hata mmoja zote zitamwona ghali. Hitaji ni lile linalobadilika ukibadilisha jezi. Ukitaka kujua unazungumzia lipi, jiulize kama klabu jirani, yenye kikosi tofauti na chako, nayo ingempanga kijana huyo mahali hapohapo.

Na hitaji nalo lina kiti chake, kidogo. Orodha za maskauti si ngazi iliyonyooka kuanzia namba 1 hadi 200, ni mafungu. Fungu la juu linaweza kuwa na kijana mmoja, linalofuata watatu, linalofuata nane ambao huwezi kuwatenganisha bila kujidanganya. Ukiwa ndani ya fungu moja na vijana wawili wamelingana, chagua beki kama roho yako inataka beki. Hakuna atakayekushika shati. Kosa ni kuruka fungu zima kwenda kumfuata.

Najua pia mtu atanitajia Edmonton. Walichagua wa kwanza miaka mitatu mfululizo, washambuliaji watupu: Taylor Hall 2010, Ryan Nugent-Hopkins 2011, Nail Yakupov 2012, huku ulinzi wao ukivuja. Yakupov hakufika mbali. Msimu wake wa mwisho NHL uliisha 2018. "Unaona? Wangechukua beki!" Beki yupi? Aliyeitwa wa pili mwaka 2012, Ryan Murray, alikuwa beki, na majeraha yalimwandama katika maisha yake yote ya mchezo. Waliokuja kuwa na safari ndefu ni Morgan Rielly wa tano na Hampus Lindholm wa sita. Edmonton hawakuponzwa na kuchukua mshambuliaji. Waliponzwa na kumwona bora mtu ambaye hakuwa bora. Hilo ni kosa la macho, na halitibiwi kwa kubadilisha kanuni.

Jambo dogo pembeni kwa ndugu zangu wa Nairobi: wale wachezaji wa Kenya Ice Lions, timu ya hoki ya Nairobi, waliopelekwa Kanada mwaka 2018 walicheza na nyota wa NHL Sidney Crosby na Nathan MacKinnon upande mmoja. Wote wawili waliwahi kuitwa wa kwanza kwenye drafti, Crosby 2005 na MacKinnon 2013. Kwa zamu za aina hiyo mjadala huu haupo. Hata timu yenye masenta hadi mlangoni ingewachukua. Mjadala unaanza pale chini, namba 3, namba 8, namba 15, ambako macho ya watu wazima huanza kutofautiana.

Kwa hiyo, wewe unayesema tuchague beki kwa kuwa hatuna beki, sikukatazi kumtaka beki. Umewahi tu kwa siku chache. Soko la wachezaji huru, wale waliomaliza mikataba yao, hufunguliwa tarehe 1 Julai. Huko wamejaa wenye miaka 27 na kuendelea, ndevu zao, mikataba yao na majeraha yao yanayojulikana, na hoja yako itasikilizwa na kila mtu. Usiku wa drafti tuambie tu kwamba kati ya waliobaki unamwona beki fulani atawazidi wenzake, halafu tuonyeshe ulichokiona.